Mpanda, Mwisho wa Reli wa Pili

Ndugu Mhariri amenitaka niandike habari za safari yangu ya Mpanda, mji ambao wengi wetu tuliusikia kwa jina tu tulipokuwa bwenini pale Tabora. Sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Kidato cha pili nilikaa dawati moja na mwenzetu kutoka huko. Kila shule ilipofunguliwa alishuka stesheni na sanduku la bati na galoni ya asali, nasi tukaila asali yake huku tukimcheka kwamba kwao ni mahali treni inapokwenda kugeuzia tu. Mwaka jana alinialika. Nilikwenda.

Siku hizi kuna lami toka Tabora, lakini nilipanda treni kwa makusudi. Pale Kaliua njia huiacha reli ya Kigoma, hupenya katika miombo na kuvuka mto Ugalla, kilometa 210 hadi Mpanda. Ndugu zetu wa Kigoma wamejitwalia peke yao sifa ya mwisho wa reli. Basi wajue kuwa miisho ni miwili.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya abiria. Dhahabu ilikwisha onekana sehemu za Mpanda katika miaka ya 1930, lakini kilichowavuta wakubwa ni risasi ya Mukwamba. (Si risasi ya bunduki, vijana wa kidato cha kwanza, ni ile metali nzito inayotiwa katika betri za magari.) Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji madini mno. Tawi la reli likajengwa, likafunguliwa mwaka 1950, kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba, na mabehewa yakawa yanaelekea pwani. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli nzima kwa kazi ya miaka kumi!

Wakati ule ule reli nyingine ilikuwa ikijengwa kusini, kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga zilipokataa, reli ile iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya Mpanda haikung'olewa. Mimi, mtu wa majalada, nilitaraji kuelezwa sababu za tani na shilingi. Baba wa mwenyeji wangu, aliyekuwa kibarua mgodini akiwa kijana, alinijibu kwa mkato: "Wao waliondoka, sisi tukabaki. Treni ilikuta watu."

Na watu waliongezeka. Mwaka 1973 yalianzishwa makazi ya Katumba kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, kisha Mishamo mwaka 1978. Wengi wao leo ni raia wenzetu. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Habari za Karema, kituo cha Wabelgiji cha mwaka 1879 kando ya ziwa Tanganyika, naziacha kwa toleo lingine kwani sikufika.

Tulikwenda Sitalike, safari fupi kwa gari, ambako ndiko lango la Hifadhi ya Katavi. Ilikuwa kiangazi na mto Katuma umekauka na kuacha madimbwi. Viboko walijaa topeni wamebanana kama abiria wa daraja la tatu, madume yakigombana. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kilometa za mraba 4,471. Lakini msidhani nyika hiyo haikuwa na wenyewe. Katika enzi za Waingereza, watu wengi wa nchi hizi za magharibi walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale, na pori likabaki kwa wanyama na mbung'o. Karibu na ziwa Katavi upo mkwaju unaosemwa kuwa ni makao ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye mzimu wake ndio uliolipa ziwa jina, na watu bado huacha sadaka shinani. Mzee hakusema neno mpaka tulipouacha nyuma.

Siku ya mwisho alitupeleka Mukwamba. Alisimama akionyesha kwa fimbo: hapa tulipanga foleni ya posho, pale fulani aliangukiwa na mwamba. Nikamwuliza kama majina yao yameandikwa popote. Akacheka. Viboko wa Katuma huhesabiwa, Katabi ana mti wake. Wachimbaji wale sikuona hata kibao chao. Nikatoa daftari. Mpaka jua linatua tulikuwa na majina ishirini na matatu, mengine ya ubatizo tu, mengine ya utani wa kazini.

Najua miongoni mwa wasomaji wamo ambao baba au babu zao walipata ada ya shule kutokana na Mukwamba. Tafadhalini, leteni majina kwa Mhariri, na kijiji alikotoka mtu kama kinajulikana. Nitayapeleka Mpanda mimi mwenyewe. Mwenzangu wa dawati atamsomea mzee, kwani macho yake hayaoni tena maandishi.