Picha za Mji wa Unguja na Majina Yasiyoandikwa

Tulipoanza kukusanya habari za kitabu hiki cha jubilii, tuliletewa masanduku mawili ya picha za zamani. Baadhi zilikuwa za ibada na za shule, lakini nyingi zilikuwa za mji wetu wa Unguja: Forodhani, Ngome Kongwe, majumba ya Masultani, na vichochoro vya Mkunazini. Tukazitandaza mezani kwa furaha. Lakini tulipozigeuza tusome nyuma, karibu zote zilikuwa tupu. Ndipo tulipotambua kwamba tumerithi mali ambayo nusu yake imekwisha kupotea, na nusu ya pili imo mikononi mwetu.

Basi kwanza tueleze jinsi picha hizi zilivyoanza. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka wa 1839, wala haukukawia kufika pwani yetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyesafiri pwani hii kati ya mwaka wa 1846 na 1848, alikuja na chombo cha kupigia picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka wa 1860 James Grant, askari wa Kiskoti, alipiga picha hapa Unguja alipokuwa akingoja safari ya bara pamoja na Speke. Kazi ile ilikuwa ya taabu. Mtu hupaka kioo dawa, akakitia katika kamera kikiwa kingali kibichi, kisha akakimbilia gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Walipofika bara, joto la hema lilizidi, na Grant akaiacha kamera, akachora kwa mkono.

Baadaye, kabla ya karne ya 19 kwisha, Wagoa walifungua maduka ya picha mjini. Wenye sifa zaidi walikuwa A. C. Gomes na ndugu wawili wa jina la Coutinho. Picha zao zilinunuliwa na wenyeji, na zaidi na wasafiri wa meli, waliozipeleka Ulaya na India. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza, aliyetoka India, alifungua Capital Art Studio, na watu wa mji wengi wakaenda huko kupigwa picha za arusi na za jamaa.

Labda mtu atauliza, picha hizi zina faida gani kwetu? Tutazame mambo matatu.

La kwanza ni Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka wa 1883. Katika picha za awali mnara wa taa wasimama peke yake mbele ya nyumba, karibu na bahari. Katika picha za baadaye mnara ule haupo, na nyumba yenyewe ina mnara wa saa. Kati ya picha hizo mbili kuna vita. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilipiga mizinga juu ya jumba la Sultani, na vita vikaisha kabla ya saa moja kupita. Nyumba jirani zilibomoka na mnara wa taa ukaharibika. Mnara wa saa ulijengwa mwaka wa 1897. Hata nyumba ile iliyookoka mizinga haikuokoka uchakavu, maana tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakafa. Fundi atakayeinua nguzo zile tena hawezi kukiuliza kifusi. Ataiuliza picha.

La pili ni Darajani. Kijana wa leo apitapo pale huona soko na magari, asijue kwa nini mahali pakavu paitwe hivyo. Picha za zamani zaonyesha mkono wa bahari ukiingia nyuma ya mji, na daraja juu yake. Na ng'ambo ya maji zimo nyumba za watu. Maji yalijazwa udongo kidogo kidogo hata yakatoweka, lakini majina yalibaki: Darajani na Ng'ambo. Hapo picha na lugha zashuhudia jambo moja.

La tatu ni reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka wa 1905. Ziko picha za gari la moshi likipita karibu na Ngome, likibanana na kuta za nyumba. Gari lile lilikwisha kabla ya mwaka wa 1930, na pasipo picha watoto wetu wangedhani ni hadithi ya wazee.

Naam, picha ni shahidi mwema wa mawe. Lakini kwa watu ni shahidi dhaifu. Zamani kioo kilihitaji nafasi ya kupokea nuru, na mtu aliyetembea mbele ya kamera alitoka kama moshi, au hakutoka kabisa. Kwa hiyo njia za Unguja katika picha nyingi zaonekana tupu, na hali zilijaa wachukuzi na wauza maji. Na wale waliosimama kimya wakaonekana, mwuzaji aliandika jina la jengo, asiandike jina la mtu. Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka wa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, limepigwa picha zisizo na idadi. Lakini picha hizo zote hazitutajii jina la hata mmoja wa wale waliouzwa pale.

Wala kosa hili si la wageni tu. Katika sanduku la kwanza tulikuta picha ya kichochoro, na watoto kumi na mmoja wamejipanga ukutani. Tulimpelekea bibi mmoja mzee wa Ng'ambo. Akaishika karibu na dirisha, akanyamaza, kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja hata akafika saba. Mwishoni mwa mstari palikuwa na mtoto asiye na uso, doa jeupe tu. Tukasema, "Huyu ameharibika, bibi." Akatujibu, "Hakuharibika, wanangu. Huyu ni ndugu yangu. Aliambiwa atulie, asiweze."

Akatuomba tumletee na sanduku la pili. Tukamwahidi Jumapili. Jumapili ile tukawa na shughuli, na ya pili vivyo hivyo. Tulipopata nafasi, tulikuta watu wamekaa matanga. Watoto watatu wa picha ile hatujawajua hata leo, na sanduku la pili lingali kimya. Kosa ni letu, nasi tunaliandika hapa lisirudiwe na wengine.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mitaa yote, na ninyi waalimu hasa, tunawaomba jambo dogo. Zitoeni picha zilizo majumbani na mashuleni, mkawapelekee wazee wiki hii, msingoje sikukuu. Andikeni nyuma kwa penseli, si kwa wino, maana wino hupenya karatasi: jina la njia, mwaka kama wajulikana, mahali aliposimama mpiga picha, na majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia. Na mkipiga picha mpya, fanyeni hivyo siku ile ile. Nyumba iliyoanguka yaweza kujengwa tena kwa kufuata picha yake. Jina alilokwenda nalo mzee kaburini halina fundi.