Deni Hufa Lini?

Kiswahili humwita muflisi, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na fulusi. Linatuambia alichopoteza, lakini halisemi atabaki muflisi mpaka lini. Swali hilo ndilo ninalolitafutia jibu kila ninaposoma sheria za kufilisika za nchi mbalimbali.

Sheria ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1542, ilimhesabu muflisi kuwa mkosaji. Wadai waligawana mali yake, na deni lililobaki likabaki shingoni mwake. Mwaka 1705 mlango ulifunguka kidogo: mfanyabiashara aliyeonyesha mali yake yote aliweza kusamehewa salio, aliyeificha aliweza kunyongwa. Asiye mfanyabiashara hakuwa na mlango huo. Mwaka 1824 John Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Mwanawe Charles, mwenye miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi kwenye vyupa vya rangi ya viatu. Kifungo cha deni kilikomeshwa kwa sehemu kubwa mwaka 1869. Leo muflisi wa huko kwa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12.

Marekani nayo ilimfunga Robert Morris, mtu aliyetafuta fedha za vita vyake vya uhuru. Sheria ya mwaka 1800 ikasaidia kumtoa, kisha ikafutwa mwaka 1803. Sheria ya kudumu ilipatikana mwaka 1898.

Ujerumani ilichelewa zaidi. Hadi mwaka 1999, hukumu ya deni iliweza kumwandama mtu miaka 30. Sasa anaweza kusamehewa baada ya mitatu.

Ami yangu, muuza nguo wa Tanga, hakungoja sheria yoyote. Deni lilipomzidi aliondoka alfajiri bila kuaga, akaacha mke, watoto na cherehani mbili. Wadai walichukua cherehani. Katika ukoo wetu hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani mwenyewe na kuomba atangazwe muflisi. Tulijua njia mbili tu: kulipa au kupotea.

Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, humwachilia muflisi baada ya miaka mitatu, asipowekewa pingamizi. Hata hivyo, huko na Tanzania bado kuna kifungo cha madai, kilichorithiwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1908. Mdai ndiye hulipia posho ya mfungwa, na mfungwa akitoka, deni halijafutika.

Kifungo hicho kilitungwa kwa ajili ya mwenye nacho anayekataa kulipa. Kwa asiye nacho, naona miaka mitatu yenye mwisho ina heshima kuliko miezi sita inayomrudisha kwenye deni lilelile.