Santuri za Ng'ambo ya Ziwa

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam muziki wa dansi ulimfikiaje, atakutajia redio na maduka ya Kariakoo. Sisi wa Ujiji tuna historia yetu. Huku santuri nyingi hazikushuka kwenye treni; zilivuka Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na tangu hapo garimoshi limetuletea saruji, makarani na wakuu wa wilaya. Masikio ya watu, hata hivyo, yaliendelea kuelekea magharibi, kwa ndugu zao wa Kalemie, Uvira na Fizi, kule Kongo.

Mimi ni fundi redio wa Mwanga, hapa Kigoma. Kazi niliirithi kwa baba mdogo aliyekuwa na kibanda Ujiji, na pamoja na kazi nilirithi masanduku ya santuri. Wateja walizileta za kujaribia mashine, mashine ikipona wanaibeba, santuri wanaisahau. Wengine hawakurudi kuchukua hata mashine.

Chombo cha kwanza nilichoruhusiwa kufungua kilikuwa gramafoni ya His Master's Voice, modeli 102, ile ya sanduku unayofunga na kubeba mkononi. Haikudai umeme. Unazungusha mpini, springi inajikaza, santuri inazunguka mara 78 kwa dakika, na baada ya dakika tatu hivi wimbo umekwisha. Kilichokula pesa ni sindano. Ilikuwa ya chuma, na ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya kupiga upande mmoja, iishe yenyewe badala ya kuila santuri. Nani Ujiji angetupa sindano kila baada ya dakika tatu? Ilinolewa kwenye jiwe, ikarudishwa, ikanolewa tena. Ndiyo maana santuri nyingi za miaka ya 1950 zilizopita mikononi mwangu zimekuwa za kijivu kwenye mifereji, na mwimbaji unamsikia kwa mbali, nyuma ya mchakacho.

Wauzaji walikuwa mabaharia. Kwa mkataba wa 1921 na Waingereza, Wabelgiji walipata gati lao hapa Kigoma, na vyombo vilikwenda na kurudi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha lebo ya Ngoma kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na mapema kabisa akapata bahati ya Wendo Kolosoy na wimbo wake Marie-Louise. Mwaka 1950 ikafuata Loningisa ya Wagiriki wengine, Papadimitriou, ambako kijana Franco alianzia. Mizigo ya biashara ilipita forodhani na karatasi zake. Santuri zilipita ndani ya godoro la baharia, kati ya nguo, na bei yake ilipangwa usiku huohuo.

Lakini iliyopendwa Ujiji kuliko zote, kwa ushahidi wa jinsi ilivyochakaa, ni gitaa la Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Katanga, mwaka 1952, na santuri zikatoka kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na katika mji uliojaa Wamanyema wenye asili ya Kongo hakuna aliyehitaji mkalimani. Nakala yangu ya Masanga, kibao chake, ina ufa kutoka ukingoni hadi kwenye lebo. Sindano inapita juu ya ufa inaruka kidogo, tak, tak, kila mzunguko, na bado vidole vya yule mtu unavihesabu kimoja kimoja.

Wanahistoria wanapenda kutukumbusha kwamba Che Guevara alivukia hapa Kigoma Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo. Sawa. Novemba alikuwa ameshatoka. Santuri zilizovuka na wakimbizi wa vita hivyohivyo bado zipo, na hakuna aliyeziandikia kitabu.

Zilipoingia santuri za 45 na 33, ndipo hadithi ya vyombo ilipochangamka. Waliokuwa na uwezo walinunua radiogramu, kabati zima la mbao lenye redio, spika na gramafoni ndani, na likawekwa sebuleni likatandikwa kitambaa. Kigoma tulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi sana. Mota ya gramafoni ya umeme, Garrard kwa mfano, inafuata mzunguko wa umeme wenyewe. Jenereta ikilemewa saa za jioni, wimbo unapungua kasi na mwimbaji anaanza kuzeeka katikati ya ubeti. Mteja analeta mashine kwangu akilalamika, naifungua, haina kasoro yoyote. Wengi waliona afadhali Philips ndogo za betri. Betri zikichoka zinaanikwa juani, na dansi linaendelea.

Rock ilitufikia kwa njia ya kusini. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi majini mwaka 1927, mwisho wa safari yake ulikuwa Mpulungu, Zambia. Na Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na moto wake: WITCH wakiongozwa na Jagari Chanda, Amanaz, Paul Ngozi, magitaa yenye sauti iliyokwaruzwa makusudi. Sunburst wa Dar es Salaam nao walikwenda kurekodi Zambia albamu yao Ave Africa, mwaka 1976. Dar es Salaam yenyewe ilishapiga marufuku muziki wa soul mwaka 1969. Baba mdogo alidhani kipaza sauti kimeungua alipolisikia kwa mara ya kwanza gitaa la Wazambia. Alikagua waya zote. Vijana wa bandarini ndio waliomwambia aache, ndivyo lilivyo.

Kufa kwa biashara ya santuri kulikuwa kwa haraka. Novemba 1973 Mobutu alitaifisha biashara za wageni kule Kongo, na maduka ya Wagiriki yakabadili wenyewe. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, wakati bendi zetu zilitegemea viwanda vya Nairobi kutoa santuri. Fedha za kigeni zikaadimika, sindano zikaadimika zaidi. Kaseti ikamalizia. Mimi mwenyewe niliishi kwa kurekodi santuri za watu kwenye kaseti, na siwezi kuilaumu biashara iliyonilisha.

Siku hizi wanakuja wanunuzi, baadhi kutoka Ulaya, na santuri ya rock ya Zambia iliyo safi huuzwa huko kwa mamia ya dola. Hapa wanaichukua kwa fungu, kwa bei ya sado la dagaa. Simkatazi mtu kuuza mali yake. Ila wewe uliye na sanduku la marehemu babu juu ya dari, kabla hujaliuza, andika kwenye daftari jina la lebo, namba iliyochapwa na jina la mwimbaji, na uurekodi wimbo hata kwa simu. Ukitaka kuisafisha santuri, tumia maji safi na sabuni kidogo sana kwa kitambaa laini, usiloweshe lebo. Spiriti usiisogeze karibu na santuri ya 78: inaiyeyusha.