Mwalimu wa Ruangwa na mlango wa jimbo

Novemba 19, 2015, Spika Job Ndugai alifungua bahasha iliyotoka kwa Rais John Magufuli na kulisomea Bunge jina la Kassim Majaliwa Majaliwa. Wengi walikuwa wakitaja majina mengine. Wabunge wakapiga kura kumthibitisha, na kesho yake mbunge huyo wa Ruangwa, mkoani Lindi, akaapishwa kuwa Waziri Mkuu.

Aliyeshangaa siku ile alikuwa hajaitazama ngazi aliyopanda. Majaliwa, aliyezaliwa Desemba 22, 1960, alianza na chaki. Alisomea ualimu Mtwara, akafundisha, kisha akawa mtendaji wa Chama cha Walimu Tanzania, mahali ambapo mtu hujifunza kusikiliza madai ya mishahara na madaraja kabla ya kujifunza kuhutubia. Kutoka huko aliteuliwa mkuu wa wilaya, na miongoni mwa wilaya alizoziongoza ni Urambo, mkoani Tabora.

Urambo na Nachingwea, jirani wa Ruangwa, zina historia moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walizichagua pamoja na Kongwa kwa mradi mkubwa wa karanga. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ukaanguka mapema miaka ya 1950, na reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu ya wapiganaji wa Frelimo wa Msumbiji chini ya Samora Machel. Watu wa kusini wameona mipango mikubwa ikija na kuondoka. Mkulima amebaki na korosho na ufuta wake.

Mwaka 2010 Majaliwa aligombea ubunge wa Ruangwa kwa tiketi ya CCM akashinda. Kisha Rais Jakaya Kikwete alimteua naibu waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), akisimamia elimu. Mwalimu wa jana sasa alisimamia shule za halmashauri zote nchini.

Uwaziri mkuu wake ulibeba tabia za mkuu wa wilaya. Alizunguka mikoani, akaita watumishi ukumbini, akauliza fedha za mradi zimekwenda wapi, na asiyekuwa na jibu alisimamishwa papo hapo. Siku chache tu baada ya kuapishwa alitinga bandari ya Dar es Salaam, ambako ilibainika makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi. Septemba 2016 alihamia Dodoma, akiwatangulia viongozi wengine wa juu. Wananchi walipenda ziara hizo. Lakini utaratibu unaosubiri mgeni kutoka juu hulala mgeni akishaondoka, na halmashauri nyingi zilijifunza kupiga deki siku ya ziara.

Yapo pia yaliyomwandama. Machi 12, 2021, akiwa Njombe, aliwaambia waumini msikitini kwamba Rais Magufuli ni mzima na anachapa kazi. Siku tano baadaye taifa likatangaziwa kifo cha Rais. Aliyemrithi, Samia Suluhu Hassan, alimwacha Majaliwa aendelee na kazi.

Nyumbani, jina lake liko kwenye uwanja wa mpira wa Ruangwa, wanakochezea Namungo FC. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 na kufungwa na Simba, kisha ikaiwakilisha nchi Afrika. Kwenye korosho mambo ni magumu zaidi. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinawaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada, bei za wanunuzi hutangazwa mbele ya wakulima, nao hukubali kuuza au hukataa. Msimu wa 2018 wanunuzi waligoma kufikia bei iliyotakiwa, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kupeleka jeshi kusomba mzigo. Wapo waliosubiri malipo kwa miezi, huku Waziri Mkuu wa nchi akiwa mtoto wa kusini.

Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Kwa hiyo wapiga kura wa Ruangwa ndio walioshika ufunguo wa kwanza. Mwaka 2020 hawakuutumia kabisa: Majaliwa alipita bila kupingwa, na cheo cha Waziri Mkuu kikapatikana bila mwana-Ruangwa hata mmoja kutumbukiza kura ya ubunge.

Julai 2025 alitangaza kutogombea tena. Kwa uamuzi huo aliachia jimbo na uwaziri mkuu kwa pamoja, na Novemba nafasi ikaenda kwa Mwigulu Nchemba. Ruangwa sasa ni jimbo kama mengine, halina tena mtu wa kupiga simu moja na barabara ikatengewa fedha. Kilichojengwa kwa miaka kumi kitapimwa kuanzia hapa: kama zahanati, lami na mnada vitakwenda kwa bajeti ya halmashauri, au vilikuwa vikienda kwa jina la mtu.