Viwango vya HTML

Viwango vya HTML ni kanuni zinazoeleza namna ya kuandika kurasa za wavuti na namna vivinjari vinavyopaswa kuzisoma. HTML ni kifupi cha jina la Kiingereza HyperText Markup Language, yaani lugha ya alama kwa ajili ya matini yenye viungo. Tangu mwaka 1991 kanuni hizo zimepitia matoleo kadhaa. Kwa sasa zinatunzwa na WHATWG, kikundi kilichoanzishwa na watengenezaji wa vivinjari.

Muundo

Ukurasa wa HTML ni matini ya kawaida iliyotiwa alama zinazoitwa tagi. Kwa mfano, aya huandikwa hivi: <p>Karibu</p>. Tagi ya kwanza hufungua aya na ya pili huifunga. Kivinjari hakionyeshi tagi zenyewe, bali huzifuata katika kupanga maneno kwenye skrini. Kikikuta tagi kisichoijua, huiruka na kuonyesha maneno yaliyomo ndani yake. Kwa sababu hiyo ukurasa wenye tagi mpya huweza kusomwa hata kwa kivinjari cha zamani.

Chanzo

HTML ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Uswisi. Maelezo yake ya mwaka 1991 yalikuwa na tagi 18 tu. Nyingi zilitokana na SGML, lugha ya alama iliyokubaliwa na shirika la ISO mwaka 1986.

Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilianza kuonyesha picha ndani ya ukurasa kwa tagi ya img, kabla kiwango chochote hakijaikubali. Kiwango rasmi cha kwanza, HTML 2.0, kilitolewa na IETF mnamo Novemba 1995.

Ushindani wa vivinjari

Wakati huo kampuni za Netscape na Microsoft zilikuwa zikishindana, na kila moja iliongeza tagi zake. Netscape ilileta blink ya maneno yanayowakawaka, Microsoft ikaleta marquee ya maneno yanayotembea. Kurasa zilizotengenezwa kwa kivinjari kimoja mara nyingi hazikuonekana vizuri kwenye kingine.

Kazi ya kusawazisha ilichukuliwa na W3C, shirika lililoanzishwa na Berners-Lee mwaka 1994. Toleo la HTML 3.2 la Januari 1997 lilithibitisha kwa sehemu kubwa mambo ambayo vivinjari vilikuwa vikiyafanya tayari. HTML 4.0 ilifuata Desemba mwaka huohuo. Ilihimiza mapambo ya ukurasa yaandikwe kwa lugha nyingine, CSS. Pia iliweka njia ya kutaja lugha ya matini (Kiswahili hutajwa kwa herufi sw) na mwelekeo wa maandishi, jambo linalohitajika kwa hati kama ya Kiarabu.

XHTML na mgawanyiko

Mwaka 2000 W3C ilitoa XHTML 1.0, iliyofuata kanuni kali za XML. Chini ya kanuni hizo, kosa moja, kama tagi isiyofungwa, lingetosha kumfanya msomaji aone ujumbe wa kosa badala ya ukurasa. Kwa kweli kurasa nyingi za XHTML ziliendelea kutumwa kama HTML ya kawaida, kwa kuwa Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi zaidi, hakikuweza kuzisoma kama XML.

Toleo lililopangwa kufuata, XHTML 2, halikulingana na kurasa zilizokuwapo. Mwaka 2004 wawakilishi wa Mozilla na Opera walipendekeza kwa W3C kwamba HTML yenyewe iendelezwe, lakini walikataliwa. Ndipo Mozilla, Opera na Apple walipoanzisha WHATWG. Kikundi hicho kilieleza kwa kina jinsi vivinjari vyote vinavyopaswa kusoma hata kurasa zenye makosa, ili vitoe matokeo yaleyale.

HTML5 na hali ya sasa

Mwaka 2007 W3C iliikubali kazi ya WHATWG kuwa msingi wa toleo jipya, na mwaka 2009 ikatangaza kusitisha XHTML 2. HTML5 ilikamilishwa tarehe 28 Oktoba 2014. Ilileta tagi za video na audio, zilizowezesha kucheza filamu na sauti bila programu ya ziada. Kwa miaka kadhaa mashirika hayo mawili yalitoa maandishi yaliyotofautiana, hadi Mei 2019 yalipokubaliana kwamba kiwango kiwe kimoja, cha WHATWG. Hakina tena namba za matoleo, bali hurekebishwa mfululizo.

Kiwango hicho kinawakataza waandishi kutumia tagi za zamani kama font na center, lakini bado kinaviagiza vivinjari kuzionyesha. Ndiyo maana kurasa nyingi za miaka ya 1990 zinasomeka hadi leo, ikiwemo nakala ya tovuti ya kwanza duniani ambayo CERN iliirudisha kwenye anwani yake ya awali mwaka 2013.