Misingi ya mpira wa kikapu: yanayofundishika, na la kufanya jina lako lisiposomwa

Kila mwaka timu za wilaya na mkoa zinapochujwa kwa ajili ya UMISSETA, kipindi chetu cha michezo hupokea ujumbe wa aina moja. Kijana amefanya mazoezi miezi kadhaa, majina yamesomwa, lake halimo. Wengine hutuuliza kama wabadilishe mchezo. Wengine hawaulizi kitu, huacha kimya kimya na mpira hawaugusi tena. Makala hii tumewaandikia wao, pamoja na wazazi na walimu wa michezo wanaobaki nao baada ya orodha kusomwa.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: urefu haufundishiki, misingi inafundishika. Na mara nyingi kuachwa kwenye timu kunakuonyesha ni msingi gani bado hujaushika.

Mchezo na vipimo vyake

Mpira wa kikapu ulianzishwa Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, nchini Marekani. Mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyezaliwa Kanada, James Naismith, alitafuta mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi. Alitundika vikapu vya kubebea matunda, akaandika kanuni 13. Kimo alichotundika vikapu vile ndicho kinachotumika hadi leo: mita 3.05 kutoka ardhini hadi kwenye ringi.

Kwa kanuni za kimataifa za FIBA, uwanja una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani. Mchezo una robo nne za dakika 10, na timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutupa. Mtupo huru hupigwa mita 4.60 kutoka usawa wa ubao, na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi. Mchezaji akifikisha faulo tano, anatoka.

Mipira nayo ina namba. Wanaume hutumia namba 7, wanawake namba 6, na watoto wa hadi miaka 12 namba 5. Kwa watoto hao ringi inaweza kushushwa hadi mita 2.60. Jambo hili wengi hulipuuza. Mtoto wa miaka tisa akipewa mpira namba 7 na ringi ya watu wazima, atautupa kwa kuunyanyua kutoka kiunoni kwa mikono miwili, kwa kuwa nguvu za kutupa vizuri hana. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha upya. Shule isiyo na ringi ya kushusha inaweza kufunga pete ya chuma kwenye mti au nguzo, kwa kimo kinachomfaa mtoto.

Misingi sita ya kuanzia

Miguu. Makocha wengi huanzia hapa, ingawa vijana hupenda kuanzia kwenye kutupa. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, uzito ukiwa mbele ya nyayo. Jifunze kukimbia na kusimama ghafla bila kuyumba. Kisha jifunze kugeuka: mguu mmoja unabaki chini kama mhimili, mwingine unazunguka kwenda mbele au nyuma. Ukiinua ule wa mhimili kabla mpira haujatoka mkononi kwenda kudunda, mwamuzi atapuliza filimbi kwamba umetembea na mpira. Zoezi hili halihitaji hata ringi.

Kudundisha mpira. Tumia vidole, usiupige kwa kiganja kama ngoma. Mpira usipande juu ya kiuno, na macho yatazame mbele. Dakika tano mkono wa kulia, dakika kumi wa kushoto, kwa anayetumia kulia. Ukishaushika kwa mikono miwili, huruhusiwi kuanza kudundisha tena. Kwa hiyo jifunze pia kutokuacha kudundisha kabla hujajua unakwenda wapi.

Pasi. Zipo tatu za mwanzo: ya kutoka kifuani, ya kudunda chini mara moja, na ya juu ya kichwa. Ya kudunda iguse ardhi karibu theluthi mbili ya njia, impate mwenzako kwenye kiuno. Ukuta wa darasa unatosha kuwa mwenzako wa mazoezi, mradi mwalimu ameruhusu na madirisha yako mbali.

Kutupa. Kiwiko kiwe chini ya mpira, mkono wa pili ushike pembeni bila kusukuma, nguvu itoke magotini, na kiganja kimalizie kwa kuinama kuelekea kwenye ringi. Anza mita moja tu kutoka kwenye ringi. Ukifunga kumi kwa mtindo ulio sahihi, rudi nyuma hatua moja. Ukiona mtindo unaharibika ili mpira ufike, umekwenda mbali mno. Rudi mbele.

Kufunga kwa hatua mbili. Ukiwa unakimbia kutoka kulia, unakanyaga mguu wa kulia, kisha wa kushoto, unaruka na kuuweka mpira kwenye ubao kwa mkono wa kulia. Upande wa kushoto mambo yote yanageuka. Mchezaji anayeweza upande mmoja tu, mlinzi humsoma ndani ya dakika chache na kumfungia njia.

Ulinzi na ribaundi. Mlinzi husogea kwa kuteleza pembeni, haruhusu miguu kupishana, na anatazama kiuno cha mpinzani kwa sababu kichwa na mabega hudanganya. Mpira unapotupwa, usiukimbilie. Mtafute kwanza mpinzani wako, mpe mgongo na mzuie kuingia ndani, ndipo uruke. Kwa kufanya hivyo, mchezaji mfupi anaweza kumnyang'anya ribaundi aliye mrefu.

Mrefu naye hufundishwa

Wapo wanaodhani misingi ni ya wafupi na kwamba mrefu anazaliwa anajua. Historia inasema vingine. Katika miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha DePaul cha Chicago kilikuwa na kijana wa mita 2.08 aitwaye George Mikan, mzito wa miguu. Kocha wake, Ray Meyer, alimpa mazoezi ya kuruka kamba na hata ya kucheza dansi ili miguu iwe myepesi. Mikan akawa nyota mkubwa wa kwanza wa ligi ya Marekani. Zoezi lenye jina lake linatumika duniani kote hadi leo: unasimama chini ya ringi, unafunga kwa mkono wa kulia upande wa kulia, unaudaka mpira kabla haujagusa chini, unafunga kwa kushoto upande wa kushoto, bila kupumzika. Anza na dakika moja. Utashangaa jinsi ilivyo ndefu.

Hapa kwetu mfano ulio karibu ni Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wengi huwa wameshacheza kwa miaka kadhaa. Akaenda kusoma Marekani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, akajulikana kwa kuzuia mipira. Mwaka 2009, akiwa na urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika mchujo wa NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Alipata wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo, na Februari 2010 timu ilimpeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya kukuzia wachezaji. Baadaye alivaa jezi za Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza Asia. Wengi nyumbani walimcheka kwa kushushwa kule. Sisi tunaona picha nyingine: kijana aliyeshika mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 alifika kwenye ligi ngumu kuliko zote ndani ya takriban miaka saba, na ligi ile haikuwa na muda wa kusubiri yaliyobaki. Anayeanza na miaka kumi leo, katika uwanja wowote wa shule, ana muda ambao Thabeet hakuupata.

Waliokwama na njia waliyopita

Simulizi maarufu kuliko zote ni ya Michael Jordan, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Mwaka 1978, katika shule ya sekondari ya Laney mjini Wilmington, hakufukuzwa kwenye kikapu. Aliwekwa timu ya wadogo, na nafasi kwenye timu kubwa akapewa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi. Tofauti hii ina maana. Kwenye timu ya wadogo alicheza dakika nyingi, wakati kwenye timu kubwa angeweza kukaa benchi. Kijana anayepelekwa timu B asiione kama adhabu. Huko ndiko anakopata dakika za kucheza.

Pascal Siakam wa Kamerun alikuwa akisoma seminari na hakuutilia maanani mchezo huu hadi alipohudhuria kambi ya kikapu akiwa na miaka 17. Alipofika Chuo Kikuu cha New Mexico State nchini Marekani, mwaka wa kwanza hakucheza kwa sababu ya jeraha. Mwaka 2014 baba yake alifariki kwa ajali ya gari, na yeye hakuweza kwenda kumzika. Mwaka 2016 Toronto Raptors walimchagua wa 27. Msimu huohuo walimshusha kwenye timu yao ndogo, naye akaisaidia kutwaa ubingwa wa ligi ile.

Bado alikuwa na pengo: mitupo ya pointi tatu. Msimu wa 2017 hadi 2018 alifunga asilimia 22 tu ya mitupo hiyo. Msimu uliofuata alifikia karibu asilimia 37, Raptors wakawa mabingwa wa NBA mwaka 2019, naye akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Kupanda kutoka 22 hadi 37 si muujiza. Ni pengo lililojulikana na kufanyiwa kazi.

La kufanya baada ya kuachwa

Kwanza, subiri siku mbili tatu, hasira ikitulia umwendee kocha kwa heshima. Usimuulize kwa nini amekuacha, maana swali hilo humfanya ajitetee. Muulize mambo matatu: ni msingi gani niufanyie kazi kwanza, nifanye zoezi gani, na lini unaweza kuniangalia tena.

Pili, uwe na daftari. Kila Jumamosi piga mitupo huru 50 na uandike iliyoingia. Andika pia mara ngapi umefunga kwa mkono dhaifu ndani ya dakika moja. Baada ya wiki nane utakuwa na namba zako, na hutategemea kusifiwa wala kusemwa.

Tatu, pangilia wiki. Siku tatu za misingi kwa dakika 40, siku moja ya kucheza na wenzako, siku moja ya kukimbia na kuruka kamba. Siku mbili pumzika, vitabu navyo vinasubiri. Mpira ukiwa mmoja kwa watu ishirini, gawanyikeni: wachache watupe, wengine wafanye miguu, ulinzi na kuruka kamba, kisha mbadilishane.

Nne, usicheze juu ya maumivu. Kifundo cha mguu kikiteguka, pumzika, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kifunge na ukiinue juu. Ukishindwa kukanyaga, au uvimbe ukiwa mkubwa, nenda kituo cha afya kabla mtu hajakuchua. Kuchua mfupa uliovunjika huongeza madhara.

Kwa wazazi na walimu

Mtoto akirudi na habari ya kuachwa, maneno ya kwanza anayosikia nyumbani yana uzito. Ukimwambia nilishasema huu mchezo ni wa kupoteza muda, hatakueleza tena. Muulize kocha amemwelekeza nini, na umsaidie kupata saa moja ya mazoezi bila kuathiri masomo.

Kwa wasichana, mara nyingi kinachowatoa uwanjani ni giza na kazi za nyumbani, wala si kukosa uwezo. Mazoezi yakianza saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili, na kazi zikigawanywa sawa na kaka zake, binti anabaki kwenye mchezo.

Mwalimu wa michezo naye, kabla ya kusoma majina, atenge dakika mbili kwa kila atakayeachwa na amwambie jambo moja la kwenda kulifanyia kazi. Mchujo mwingine utakuja mwakani. Atakayerudi na daftari lenye namba za miezi kadhaa atakuwa na cha kumwonyesha kocha, na kocha atakuwa na sababu ya kumtazama upya.