Nchi Yetu Ionekanavyo kutoka Angani

Tarehe 7 Desemba, 1972, siku mbili kabla Tanzania Bara haijatimiza miaka 11 ya Uhuru wake, wanaanga watatu wa Kimarekani waliokuwa safarini kwenda mwezini waligeuka nyuma wakaipiga dunia picha. Walikuwa wamekwisha fika mbali kiasi cha kilomita 29,000, na jua lilikuwa mgongoni mwao. Kwa hiyo dunia ilionekana nzima, mviringo kamili usio na upande wa giza. Bara lililojitokeza waziwazi katika picha ile lilikuwa Afrika.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Pwani ya Afrika Mashariki imo, kisiwa cha Bukini kimo, na mawingu yametanda hapa na pale. Lakini Tanzania haimo. Namaanisha kwamba hamna mstari unaotutenga na jirani zetu, wala hamna jina lolote lililoandikwa juu ya ardhi. Mtu asiyefundishwa ramani shuleni hawezi kujua nchi yake inaanzia wapi wala inakomea wapi.

Na kuna jambo ambalo si wengi walijuao. Picha ile ilipopigwa, kusini ilikuwa juu na kaskazini chini. Wachapishaji ndio walioigeuza ili ilingane na mazoea ya wasomaji wao. Mwanachuoni al-Idrisi, aliyemtengenezea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, naye aliiweka kusini juu, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa nchi za Kiislamu, na nchi ya Wazanji ikakaa upande wa juu wa ramani. Hivyo wanaanga wale, pasipo kukusudia, walimrudia al-Idrisi. Juu na chini ni mapatano ya watu tu.

Kabla ya vyombo vya angani, sehemu kubwa ya bara letu ilichorwa na watu wasioiona, kwa maneno ya watu walioitembea. Mwezi Mei, 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Kiongozi wa safari yake alikiita kile cheupe kwa neno moja tu: baridi. Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwa amekanyaga bara hili, alikanusha kabisa. Theluji karibu na ikweta, alisema, haiwezekani. Aliiamini hesabu ya vitabu vyake kuliko macho ya aliyekuwapo. Leo theluji hiyo hupimwa kutoka angani, na vipimo vinasema kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule imetoweka. Kile ambacho wataalamu walikataa kwamba kipo, wataalamu wengine sasa wanahesabu siku zake za kwisha.

Lakini kisa nikipendacho zaidi ni cha maziwa, kwa sababu kinatuhusu sisi Wanyamwezi. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt waliendelea kuwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Aliyeshika njia ya Tanga kwenda magharibi alisema kuwa mwisho wa njia ni maji. Aliyetoka pwani ya Bagamoyo mpaka Ujiji alisema ni maji. Aliyetoka Kilwa alisema vivyo hivyo. Wote walisema kweli. Walioandika ndio waliozichukua kweli tatu wakazifanya kosa moja: ramani iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo ambalo wenye dhihaka walilifananisha na konokono asiye na nyumba, nalo likapewa jina la Bahari ya Unyamwezi. Jina la nchi yetu, nchi ya miombo na vumbi la kiangazi, likaandikwa juu ya maji.

Mwishoni mwa mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walifika Kaze, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, wakiwa na ramani hiyo mikononi. Speke mwenyewe ameeleza kwamba aliifunua mbele ya Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman aliyeishi pale, na Sheikh akamwambia kuwa wamisionari wameyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Kuna Nyasa, kuna la Ujiji, na kuna la Ukerewe. Sheikh huyo hakuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo, maana utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na watumwa. Hata hivyo, kosa lililopitishwa na wenye elimu wa Ulaya lilisahihishwa barazani, katika Unyanyembe, kwa mazungumzo. Mwaka uliofuata wageni wale walikwenda kuyaona maziwa mawili kati ya hayo, wakiongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India. Bombay alikwenda tena safari nyingine nyingi. Watoto wetu wanawajua Burton na Speke. Bombay hawamjui, na hapo lawama ni yetu.

Mipaka nayo haihitaji maneno mengi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kupiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba mpaka ziwa la Ukerewe, ambalo wao waliliita Victoria, na mstari huo ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro. Wako wasimuliao kwamba mlima ulitolewa zawadi na malkia kwa mjukuu wake. Ni hadithi tamu, lakini mkataba ulikuwa wa serikali mbili zilizokuwa zikigawana mali ya watu. Katika picha za angani mstari huo hautambulikani. Wamasai hawakuhitaji setilaiti kuwaambia hivyo.

Setilaiti ya kwanza kuwa na jina la Kiswahili ilikuwa Uhuru, iliyorushwa na Wamarekani kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya sikukuu ya Uhuru wa Kenya. Hiyo ilitazama nyota, haikututazama sisi. Kututazama kulianza tarehe 23 Julai, 1972, ilipotumwa ile iitwayo sasa Landsat 1. Ilizunguka juu ya dunia kiasi cha kilomita 900, ikarudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18, na kila picha yake ilifunika mraba wa kilomita 185 kwa 185. Doa dogo kabisa katika picha zile lilikuwa na upana wa mita 80 hivi. Katika mita 80 za kwetu hutosha nyumba tatu, zizi, na uwanja wa kupigia ngoma. Yote hayo yakawa doa moja lenye rangi moja.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nieleze mambo yangu mwenyewe. Nilizaliwa mwaka 1969 katika kitongoji kimoja cha Unyamwezi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, tulihamishwa, tukapelekwa kando ya barabara. Sisemi haya kwa kuikejeli siasa ya Ujamaa: shule niliyosoma ilijengwa katika kijiji kile kipya, na pasipo shule ile nisingeandika maneno haya. Lakini babu alikuwa amezikwa kule, na kule kukawa mahame, au matongo kama tusemavyo kwetu.

Miaka michache iliyopita, katika shughuli za utumishi wangu, nilikaa kwenye kikao cha kupanga matumizi ya ardhi. Mezani palikuwa na picha ya setilaiti iliyopigwa mwezi Agosti, ya zile ziitwazo za rangi bandia, ambazo jani bichi huonekana jekundu. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi ilikuwa na rangi ya majivu. Kijana mtaalamu alitueleza vizuri sana, kisha akaweka kidole mahali fulani akasema, "Huku, waheshimiwa, ni pori tupu. Hakujawahi kukaa mtu."

Nilijiinamia juu ya karatasi. Katikati ya majivu yale palikuwa na vidoa vyekundu, vimejipanga kama shanga zilizokatika uzi. Mti wa miombo haujipangi hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni miembe. Mwembe haupukutishi majani kiangazi, nao katika pori letu haukujiotea wenyewe."

Kijana hakukasirika. Alisema, "Samahani, Mzee. Picha haikuniambia." Na kweli haikumwambia. Katika nchi yetu miembe ni maandishi: imepandwa njia nzima ya misafara, na pale Ujiji na Tabora ingali ikionyesha palipopita watu. Pori tulionalo leo halikuwa pori siku zote. Baadhi lilitokana na operesheni ya miaka ya 1970. Baadhi lilitangulia, pale Waingereza walipowakusanya watu katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Atazamaye kutoka juu huona msitu, akauita wa asili.

Niliomba nakala ya picha ile, nikampelekea mama yangu, ambaye sasa amepita miaka 80. Nilimwekea mezani, kaskazini ikiwa juu kama nilivyofundishwa. Akaitazama kitambo, akaigeuza. Akaigeuza tena, mpaka mashariki ilipokuwa mbele yake, akauliza, "Jua linatoka hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sasa naona."

Akaanza kutaja. Mwembe wa kwanza wa fulani, wa pili wa fulani aliyekwenda kukata mkonge Tanga asirudi. Kisima kilikuwa hapa, njia ya kwenda kwa wakwe ilipita hapa. Kidole chake kilikuwa kikubwa kuliko doa, kikafunika kaya mbili kwa wakati mmoja, naye akakiinua ili azitenganishe. "Na kaburi la babu yako," akasema, "liko kati ya huu na huu. Msilime hapo."

Katika kikao kilichofuata nilieleza niliyoelezwa. Wajumbe wengine walisema kwamba mpango hauwezi kungoja kumbukumbu za vikongwe, wengine walisema uwezekane. Mwishowe eneo la makaburi lilitengwa. Eneo lililobaki liliandikwa msitu wa hifadhi, na sikuweza kulipinga, kwa kuwa miti kweli ipo na inafaa ihifadhiwe.

Nakala ya mama ninayo. Nimeandika juu yake kwa penseli majina ya wenye miembe, kila jina ubavuni mwa doa lake. Madoa ni 12, majina ni 11. La mwembe ulio karibu na kisima mama hakulikumbuka siku ile. Alisema niiache karatasi mahali pake, likimjia atanipigia simu.